Dakika Ishirini na Tisa za Jumapili

Nehemiah Cheruiyot alikuwa amechoka kwa miaka tisa, na hakuna aliyeona ajabu. Kwa Wakenya wa Temple Hills, nchini Marekani, uchovu ni sehemu ya salamu. Mtu akiulizwa habari mlangoni mwa kanisa hujibu, "Tunashukuru Mungu, ni uchovu tu," na mwenzake hutikisa kichwa, kisha wote wawili huingia ndani kutafuta kiti. Kwa hivyo Nehemiah alipoanza kusinzia katikati ya mahubiri, mkewe Makena alimgusa tu kwa kiwiko. Alipoanza kusinzia mezani kijiko kikiwa mkononi, binti yao Chebet alicheka na kumpiga picha kwa simu. Na siku aliposhikwa na usingizi kwenye taa nyekundu ya Pennsylvania Avenue, akielekea kazini Upper Marlboro, mpaka gari la nyuma likampigia honi mara tatu, hakumwambia mtu.

Alikuwa na miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Bomet, mnene kiasi, mpole, asiyependa makuu. Kazi yake ilikuwa ya kukaa. Katika ofisi ya kumbukumbu za ardhi alipitisha hati kuukuu za nyumba na mashamba kwenye skana, ukurasa baada ya ukurasa, tangu asubuhi hadi jioni. Makena, Mmeru wa Nkubu, alikuwa nesi wa zamu ya usiku katika hospitali moja ng'ambo ya mto. Nehemiah alitoka nyumbani saa moja na robo asubuhi. Makena alifika saa mbili na robo. Jioni Nehemiah alirudi saa kumi na moja na nusu, na saa kumi na mbili Makena alikuwa tayari anatafuta funguo za gari. Kitanda chao hakikuwahi kupoa, lakini ilikuwa nadra kiwabebe wote wawili.

Habari ya kamera ilianzia kwa mama yake Nehemiah. Kwenye ukuta wa sebule yake kule Bomet kulikuwa na picha moja tu ya familia hiyo, na ndani yake Chebet alikuwa mtoto wa miaka miwili. Sasa Chebet alikuwa na miaka kumi na mitano na urefu wa kumpita mama yake.

"Mjukuu wangu hapa ukutani bado ananyonya kidole," bibi alisema kwenye simu. "Nitumie mwingine kabla sijafa."

Nehemiah alipekua simu yake akitafuta picha yenye watu wote watatu. Alipata za Chebet, za keki, za theluji, za Chebet tena. Makena alikuwa katika nne, na katika zote nne alikuwa anatoka au anaingia.

Ofisini alikuwa na rafiki, Lorraine, Mmarekani mweusi aliyekaribia kustaafu. Lorraine alijifunza Kiswahili chuoni akiwa msichana, kwa mwalimu wa Kitanzania, na hakukiacha. Kila siku alimsalimia, "Umeamkaje, ndugu Cheruiyot?" naye Nehemiah alijibu "Salama" huku akijivuta hadi kwenye mashine ya kahawa. Lorraine alipenda sana kupiga picha. Nehemiah alipomwambia anataka kununua kamera ya maana, Lorraine alivua miwani.

"Usinunue lenzi kwa kusoma sifa zake," alimwambia. "Zijaribu nyumbani kwako, katika mwanga wa nyumbani kwako. Duka linakupa siku thelathini. Ile inayokukataa, irudishe."

Nehemiah akaagiza kamera moja na lenzi tatu: ile ya kuvuta karibu na mbali inayokuja pamoja na kamera, ya milimita hamsini, na ndefu ya milimita themanini na tano.

Mwanga wa nyumbani kwake ulikuwa haba. Chumba cha kulala kilipakana na sebule, na kwa vile Makena alilala mchana, mapazia ya nyumba nzima yalishushwa toka asubuhi. Lenzi ya kwanza ilishindwa humo humo. Picha zilijaa chengachenga, kana kwamba mtu amenyunyiza unga hewani. Ile ndefu nayo ilitaka nafasi. Nehemiah alimkalisha Chebet kwenye sofa, akarudi nyuma hatua moja, mbili, tano, akafika mgongo umegusa friji, na bado kwenye kioo alimwona Chebet kuanzia kidevu hadi paji la uso tu.

"Baba, uko jikoni," Chebet alisema, kisha akageukia Kiingereza chake cha kawaida. "Are we done?"

"Bado moja. Tulia hapo."

Aliweka ya hamsini. Hiyo ilifungua jicho lake vizuri. Ikaokota mwanga mdogo uliopita pembeni mwa pazia na kuulaza kwenye shavu la mtoto. Nehemiah aliitazama picha hiyo muda mrefu. Hakuwa amejua kwamba Chebet amechukua paji la uso la bibi yake, lile lenye kujikunja katikati hata akiwa hana hasira. Alitaka kumwambia, lakini alipoinua kichwa Chebet alikuwa ameshaenda chumbani kwake.

Jumamosi asubuhi alimvizia Makena. Alikuwa ndio kwanza anaingia kutoka zamu, ameketi kwenye kiti cha kuvulia viatu, soksi za kubana zimemwachia alama nyekundu chini ya magoti. Nehemiah aliinua kamera.

"Baba Chebet, weka hiyo kitu chini."

"Picha moja tu. Haina hata flashi."

"Nimesema weka chini." Hakupaza sauti, hakuwa na nguvu za kuipaza. "Usiku kucha watu wananiangalia machoni waone kama watapona. Nikifika hapa nataka kukaa mahali hakuna mtu ananiangalia. Aki, hata wewe."

Nehemiah aliiweka kamera juu ya kabati na kwenda kumchemshia chai. Alipoileta, Makena alikuwa ameshaingia kulala bila kuoga.

Jumapili, baada ya kanisa, Chebet alikwenda Greenbelt kwa rafiki yake kumalizia kazi ya shule, na Makena akarudi kitandani. Nehemiah alibaki peke yake sebuleni. Lorraine alikuwa amemwambia kwamba ukitaka kujua mwanga unavyotembea usoni, usipige picha, rekodi video. Kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kumrekodi, aliamua kujirekodi mwenyewe. Alisogeza pazia upana wa kiganja, akaisimamisha kamera kwenye stendi, akaielekeza kwenye sofa, akabonyeza, akaenda kukaa na shati lake la kanisani na tai.

Alipofumbua macho, shingo ilimuuma na mwanga ulikuwa umehamia ukutani. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa imezimika. Alidhani betri imeisha, akaitia kwenye chaji, akasahau.

Jumanne saa tisa alasiri Makena aliamka katika nyumba tupu. Maneno aliyomwambia mumewe Jumamosi yalikuwa bado yanamsuta. Alichukua kamera mezani, akakaa nayo kwenye sofa na kuanza kupitia picha moja moja. Aliona chengachenga, aliona kidevu, kisha akafika kwenye ile ya Chebet na paji la uso la bibi, akasema kwa sauti, "Haki, angalia huyu mtoto." Baada ya hapo ilikuja video. Nusura airuke.

Mumewe aliingia kwenye picha, akaketi, akanyoosha tai, akatabasamu kwa aibu kuelekea kamera. Haikupita dakika mbili kichwa kikalalia mgongo wa sofa, mdomo ukafunguka, na mkoromo ukaanza. Makena alicheka peke yake. Halafu mkoromo ukakatika.

Alingoja. Kwenye skrini ndogo tumbo la Nehemiah lilisukuma, kifua kikavuta, lakini hakukuwa na sauti. Makena aliacha kucheka. Miaka kumi na saba ya wodini ilianza kuhesabu ndani yake bila kuambiwa: kumi, kumi na tano, ishirini na tano, thelathini na moja. Kisha Nehemiah alishtuka na kuvuta hewa kwa kishindo, kama mtu aliyetolewa majini, akageuza kichwa, akaendelea kulala bila kufumbua macho. Dakika moja baadaye akanyamaza tena. Safari hii ilifika arobaini.

Video ilikuwa ya dakika ishirini na tisa, kikomo cha kurekodi cha kamera hiyo. Makena aliitazama hadi mwisho bila kuinuka. Alihesabu pumzi ikikatika mara kumi na tisa. Kisha alipiga simu.

"Uko wapi?"

"Kazini. Kuna nini? Chebet?"

"Chebet yuko sawa. Ukitoka usiendeshe gari. Nakuja kukuchukua."

"Makena, si nitafika tu nyumbani saa..."

"Baba Chebet. Usiguse hizo funguo."

Alifika Upper Marlboro na kilemba cha kulalia kichwani na ndara miguuni. Nehemiah alikuwa amesimama kwenye maegesho, Lorraine pembeni yake akiwa ameshika funguo za gari la mwenzake. Nehemiah alikuwa amemsimulia ile simu kama kichekesho, lakini Lorraine alikuwa amezidai funguo papo hapo na kukataa kuzirudisha.

"Dada, huyu hulala hata kwenye skana," Lorraine alimwambia Makena. "Nilidhani ni kazi nyingi. Samahani, ningesema mapema."

"Sote tulidhani hivyo," Makena alisema.

Ndani ya gari alimpa kamera. Nehemiah alitazama, mwanzoni kwa haya, kwa sababu hakuna mtu anayependeza mdomo ukiwa wazi.

"Si ni kukoroma tu? Hata mzee wangu alikoroma."

"Hapo hukoromi. Hapo umenyamaza. Hesabu na mimi."

Walihesabu pamoja. Walipofika thelathini na nane, mtu yule wa kwenye skrini akatweta, na Nehemiah, ambaye bila kujua alikuwa ameizuia pumzi yake mwenyewe, akatweta pia. Alibonyeza kusimamisha.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Mimi nitajuaje?" Makena alishika usukani ingawa gari lilikuwa limezimwa. "Usiku kucha nasikiliza watu wa wenyewe wakipumua. Mmoja akipumua vibaya kidogo tu, nimefika. Na wewe ukilala mimi siko."

"Ulikuwa kazini. Si kosa lako."

"Sijasema ni kosa. Nasema sikuwepo."

Yaliyofuata hayakuwa na mambo mengi. Daktari alimwazima kifaa kidogo cha kuvaa kidoleni na kifuani alale nacho, na majibu yakaja: koo lake lilijifunga mara arobaini na sita kwa saa. Mwili wake ulikuwa unaamka kila mara kujiokoa, kila usiku, bila yeye kujua. Akapewa mashine ya kupuliza hewa na barakoa ya kuvaa puani. Wiki ya kwanza aliivua usingizini bila kujijua, akaamka na alama puani na hasira. Chebet alisema anafanana na rubani wa ndege za kivita, akaja kila jioni kabla ya kulala kuhakikisha mikanda imekaa sawa, bila kuombwa.

Wiki ya tatu, siku moja, Nehemiah aliamka kabla ya kengele. Alilala akitazama dari, akingoja ule uzito wa nyuma ya macho ufike. Haukufika. Alidhani angefurahi. Badala yake alifikiria mechi za Chebet alizozikosa kwa kulala ndani ya gari huku akisema anaangalia kupitia kioo, na wageni aliowasinzilia, na mwaka mzima wa masomo ya jioni aliyoyaacha akijiita mvivu. Alikuwa ameamini kwamba watu wazima wote husikia hivyo, na kwamba wenzake wana roho ngumu kumshinda.

Lenzi ndefu aliirudisha siku ya ishirini na nane. Picha ya kumtumia bibi walipiga Novemba, kamera ikiwa kwenye stendi. Jicho moja la Makena lilikuwa limefumba nusu, lakini waliichapa hivyo hivyo. Bibi aliipokea na kusema Makena amekonda.

Makena aliomba zamu ya mchana. Aliambiwa kuna orodha, angoje hadi majira ya kuchipua.

Alhamisi moja ya Desemba barabara zilishika barafu na ofisi zikatangaza kuchelewa kufunguliwa kwa muda wa saa mbili. Nehemiah alikuwa bado jikoni gari la Makena lilipoingia. Alisikia injini ikizimwa. Hakusikia mlango. Alimimina chai ya Makena, akaifunika kwa sahani. Dakika kumi zikapita. Aliosha vyombo vilivyokuwa kwenye sinki, akafuta meza, na bado kimya. Akachukua blanketi, akatoka.

Makena alikuwa amelala wima nyuma ya usukani, mkanda kifuani, kitambulisho cha kazi kikining'inia, mikono mapajani viganja vikiangalia juu. Nehemiah alifungua mlango wa upande wa pili polepole, akaingia, akamfunika. Uso wake ulikuwa wa kijivu chini ya macho, na penye mikunjo ya barakoa ya hospitali ngozi ilikuwa imechubuka. Nehemiah alijiuliza ni asubuhi ngapi amekaa hivi nje, yeye akiwa ameshaondoka. Alitoa simu akaandikia ofisi ujumbe.

"Saa ngapi?" Makena aliuliza bila kufumbua macho.

"Karibu saa tatu."

"Utachelewa."

"Siendi leo. Nimewaambia."

"Umewaambia nini?"

"Nina shughuli."

Makena aliguna. Alifungua mkanda, lakini hakutoka. Aliegemeza kichwa kwenye bega la mumewe, juu ya pengo la viti, mkao ambao haungemfaa mtu yeyote. Vioo vilianza kushika ukungu. Baada ya muda Nehemiah alisema chai itakuwa imepoa, naye Makena akasema hata ikipoa atainywa. Walishuka. Nehemiah alibeba mkoba wa kazi wa mkewe, na kwa kuwa njia ya kufika mlangoni ilikuwa barafu tupu, Makena alimshika mkono, wakaenda hatua ndogo ndogo hadi ndani.