Pango la Mchanga Uliolowa

Mimi ndiye niliyewafundisha. Nalisema hili mwanzoni ili mtu asihangaike kutafuta wa kumlaumu.

Nafundisha darasa la awali hapa Tunduma, mtaa wa pembezoni, ambako malori yanayongoja kuvuka mpaka tunayasikia kwa mbali tu. Mwaka ule wazazi walikubaliana kujenga choo cha shule kwa nguvu za wananchi, na kila mtoto akatakiwa aje na ndoo ndogo ya mchanga. Mchanga ukajaa nje ya darasa langu, saruji ikawa haionekani. Mimi nina watoto hamsini na vitabu vinne. Nikaona lundo lile lisikae bure, nitafundishia.

Tulichekecha kwa kipande cha chandarua, kokoto huku, mchanga laini kule. Tulijaza makopo mawili, moja mchanga mkavu, jingine uliolowa, tukayapindua. Ule mkavu ukamwagika. Ule uliolowa ukasimama kama keki. Nikawauliza kwa nini. Binti mmoja anayekaribia miaka sita, mwenye pengo mbele na maneno mengi, akajibu, "Maji yanaushika, Mwalimu. Yanaushika mkono." Sijui msomi gani angejibu vizuri kuliko hapo. Tukachimba na pango, mkono wangu ukapenya upande hadi upande, na halikuanguka. Siku hiyo nilirudi nyumbani najisifu peke yangu njiani.

Wiki iliyofuata binti yule akanivuta sketi.

"Mwalimu, na sisi tumechimba letu. Kubwa! Tunaenea wote saba."

"Wapi?"

"Kule korongoni, tunakochotaga mchanga."

Nilikwenda mchana uleule. Korongo lile lina ukuta wa mchanga unaonizidi kimo, na katikati ya ukuta kulikuwa na mlango mdogo, nadhifu kabisa. Nikainama kuchungulia. Ndani walikuwa wametandika gunia. Mvua zilikuwa zimeshakatika, jua limeanza kuukausha ukuta kuanzia juu, na mchanga ulikuwa ukidondoka kidogokidogo pale mlangoni. Niliazima koleo nikalibomoa. Siku ya tatu nikakuta jingine, tena limeingia ndani zaidi.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Sasa Mwalimu, tukilifunga korongo, hicho choo tutajengea nini? Si ninyi mlioagiza mchanga?" Nikaenda kwa mama wa binti, ambaye kila siku huvuka mpaka kwenda kuuza nyanya Nakonde, upande wa Zambia. Alikuwa amechoka, hata ndoo hajaitua vizuri. "Nitamfunga kamba, Mwalimu? Mimi narudi jua limezama. Anayekaa naye ni wewe, na anakusikia wewe."

Ni kweli, ananisikia mimi. Hapo ndipo nilipotamani kulia.

Basi nikaamua kuwatisha kwa somo lilelile. Nilichimba pango kwenye lundo la shule, nikapanga ndani vijiti saba, nikawaambia hawa ni watu. Tukaliacha juani. Siku ya pili, karibu na saa sita, tukiwa tumelizunguka, likaanguka lote kwa mpigo, bila hata sauti. Kijiti hata kimoja hakikuonekana. Darasa zima likarudi nyuma hatua moja, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Mmeona? Mchanga ukikauka unaua."

Nilimtazama binti yule. Alikuwa ameinamisha kichwa, anafikiri. Nilijua ameelewa, na kweli alikuwa ameelewa.

"Kwa hiyo, Mwalimu, letu tuwe tunalimwagia maji kila siku."

Wenzake wakapiga makofi. Lingekuwa swali la daftarini ningempa vema kubwa. Badala yake nilifoka, nikawakataza kukanyaga korongoni, nikawatishia fimbo ambayo huwa hata siishiki. Wakaitikia kwa pamoja, "Ndiyo, Mwalimu!" kama wanavyoitikia kila kitu.

Alasiri, nilipokuwa nafunga mlango wa darasa, niliwaona wakikata njia ya korongoni, wote saba, kila mmoja na kidumu kichwani, yeye mbele. Niliita kwa nguvu zangu zote. Wakaongeza mwendo, wakishika vidumu kwa mikono miwili, maji yasimwagike.