Koti la Meneja na Jedwali Lililoganda

Sikiliza nikueleze taratibu, maana si jambo gumu. Asubuhi moja, kwenye ghala la baridi Kihonda, nilianza matengenezo ya kawaida ya jedwali la mizigo, ile orodha ya kompyuta inayosajili kila mzigo unaoingia, na mfumo mzima ukaganda. Getini mama mmoja kutoka milimani alikuwa na stroberi zake juani. Bila mfumo hazipokelewi.

"Mvua ya mlimani imeharibu mtandao," meneja akanijibu kwa simu akiwa mgahawani, mdomo umejaa chapati.

Mvua gani? Milima ya Uluguru ilionekana wazi, haina hata wingu. Nikatazama kwenye kompyuta yangu kazi zinazosubiriana ndani ya mfumo. Wapokeaji walisubiri matengenezo yangu, nayo yalisubiri rekodi moja iliyofunguliwa kwa marekebisho na kuachwa, kwenye kompyuta ya meneja. Ofisini kwake nilikuta koti tu, limetundikwa kitini ili tuamini yupo. Kompyuta aliiacha wazi kwa ujanja uleule. Sisi tulishamzoea, lakini mfumo, maskini, ulimwamini.

"Mwanangu, zinalainika hizi," mama akaita.

Nikaikatisha kazi ya meneja iliyoachwa wazi, na mfumo ukaanza kwenda. Stroberi zikaingia.

Nawe, kabla ya kuanza matengenezo, tazama kwanza nani ameshikilia jedwali, umtoe.