Mkeka wa Mwana wa Bi Mariamu

Mwaka huu duka la mtaani kwetu limeanza kupiga nyimbo za Krismasi Oktoba haijaisha. Nilimuuliza mwenye duka Majilio, yale majuma manne ya kuingoja Krismasi, ameyapeleka wapi. Akaniambia yamekwisha, nijaribu duka la ng'ambo ya barabara. Nikarudi nyumbani nimenuna, nikafungua sanduku, nikautoa mkeka wangu mdogo wa zambarau. Hebu kaa, rafiki yangu, nikusimulie.

Miaka ile ya sitini baba alikuwa karani wa serikali Faza, nasi watu wa bara ndio tuliokuwa Wakatoliki pekee mtaani. Padri alitujia kwa boti kutoka Amu mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Pasaka, akasoma Misa sebuleni kwetu. Nilikuwa na miaka minane na katekisimu nilikuwa nimeimeza yote. Kutulia ndiko kulikonishinda. Rozari niliisali kama nafukuzwa. Mama akianza Salamu Maria, mimi nishafika Amina. Basi Majilio yalipoingia, sukari ikatoka kwenye chai, redio ikafunikwa kitambaa, na baba akatoa hukumu yake. Nisuke mkeka wa kumlaza Mtoto Yesu kwenye pango letu la Krismasi, ukili wa pima sita, ule utepe unaosukwa kisha ukashonwa kuwa mkeka, kwa mikono yangu peke yangu. Ukiwa tayari padri akifika, nitapokea komunyo ya kwanza. Usipokuwa tayari, ningoje Pasaka. Kwa mtoto wa miaka minane, Pasaka haiji leo wala kesho.

Wa kunifundisha kusuka alikuwa jirani yetu, mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Amu, mikeka yake ikisifiwa hadi Mbwajumali. Jioni moja, ukili umeshaanza kurefuka, alinishangaa kutaka ukindu, yale majani ya kusukia, wa zambarau mtupu, bila hata uzi mmoja mwekundu. Nikamwambia ndiyo rangi ya Majilio. Neno lile akaligeuza geuza mdomoni.

"Ni nani ayao?" akaniuliza kwa Kiamu chake, yaani ni nani anayekuja.

"Mtoto," nikajibu, vidole vikienda mbio. "Mama amesema tumtayarishie pa kulala."

Kesho yake asubuhi tukapigiwa hodi. Wanawake watatu, jirani mbele, wamebeba kanga kuukuu laini za kumfunika mtoto na sufuria ya uji wa pilipili manga wa kumtia mama nguvu. Macho yote tumboni kwa mama. Naye mama, ambaye siku hiyo alikuwa amejifunga mkanda wa gauni barabara, akapigwa na butwaa. Ikabidi aeleze, aibu imemjaa, kwamba Mtoto tunayemngoja ni Yesu. Mimi nilitamani ardhi ipasuke nizame.

Wale wanawake wawili waliangua kicheko. Jirani hakucheka. Akasema, "Mwana wa Bi Mariamu? Basi huyo hatandikiwi mkeka wa mbio." Akaagiza nilete ukili wangu.

Nilikuwa nimefika pima tatu na nilijiona fundi. Aliuinua mlangoni, na jua likapenya kila mahali.

"Fumua," akasema.

Pima zote tatu, na Krismasi imebaki majuma mawili. Nililia, nikamwambia komunyo yangu ndiyo imekwenda hivyo. Hakunibembeleza. Alinisogezea jamvi nikae karibu naye.

Tangu siku hiyo nilikaa barazani kwake kila jioni baada ya shule. Vidole vilipokataa kutulia nikavipa kazi: Salamu Maria moja kwa kila kunjo, na kunjo lisikazwe mpaka Amina. Jirani naye alivuta uradi wake, tasbihi mkononi. Ndani kwake mbuzi ilikuna nazi, ukindu ulinukia, uji wa pilipili manga ukapoa pembeni yetu bila mtu kuukumbuka. Alinifumulisha mara mbili nyingine. Nilinuna, nikafumua, nikasuka upya. Halafu siku moja nikagundua kwamba nimesali rozari nzima na sijataka iishe.

Nilishona mshono wa mwisho asubuhi ya siku ya kufika padri. Jirani akauinua mkeka mlangoni, akaugeuza huku na huku. Jua halikuona pa kupita. Nilimkodolea macho nikingoja lile neno.

"Haya," akasema, akanipa mkeka wangu. "Na aye."

Aje, yaani. Nilikimbia nyumbani, na baba alipoukagua pembe zote nne akaniambia nikapige pasi gauni jeupe.

Siku ya Krismasi nilipiga magoti kando ya pango, Mtoto amelala juu ya zambarau yangu, nikapokea komunyo. Watu watano tu sebuleni, lakini Gloria tuliiimba ikasikika mtaa mzima. Kupitia dirishani nilimwona jirani barazani kwake. Alikuwa ameacha kusuka, anasikiliza. Furaha ile sijapata kuipata tena, na harusi nimefanya.

Nyumba ile haipo tena. Baba na mama wamelala, jirani pia, na mimi hakuna tena anayenifumulisha. Lakini kila Jumapili ya kwanza ya Majilio nauinua mkeka mlangoni kwangu. Zambarau imepauka, pembe moja imeliwa na panya, na jua bado halijaona pa kupita. Nautandika polepole. Kisha nasema, kwa Kiamu cha jirani, maana kwa lugha nyingine hainitoki vizuri: na aye.