Feni ya Kushoto

Vuuu. Sauti ile fundi wetu anaikumbuka hadi leo: feni ya kulia ikivuma kama nyuki waliochokozwa, ya kushoto kimya.

Fundi wa kompyuta tunayemwita Sikio hupima mashine kwa kulaza shavu mezani kando yake na kufumba macho. Asubuhi ya fainali ya mbio za magari, zile za kwenye skrini, alikuwa akiisikiliza laptop ya shangazi yake: mshona mapazia asiye na leseni ya kuendesha chochote, lakini tishio la vijana wa mtaa mzima. Mashine nene kama tofali, yenye kadi mbili za kuchora picha za mchezo, kila moja na feni yake.

"Inakwamakwama kwenye kona," shangazi alilalamika. "Leo nikishindwa, wale watoto watanicheka mpaka nihame."

"Chukua yangu. Ina kadi moja, ila ya kisasa."

"Moja? Kidole kimoja hakivunji chawa, baba."

"Na mafahali wawili hawakai zizi moja, shangazi."

"Wewe tengeneza. Methali niachie mimi."

Sikio akacheka, akamsogezea kiti. "Basi njoo usikilize mwenyewe."

Akaendesha gari la mchezo yeye. Shangazi akalaza shavu mezani, miwani ikapinda.

"Huyu wa kushoto vipi?"

"Amelala. Mchezo huu haujui kutumia kadi mbili. Wa kulia anabeba mzigo wote, na mwenzake kambania nafasi ya kupumua."

Shangazi akainuka taratibu. "Kumbe siku zote nalisha mtu asiyelima. Lete hiyo yako."

Ukumbini kwenye fainali, watu walisimama juu ya viti. Gari la shangazi lilikuwa la pili, likinusa mkia wa gari jekundu lililoongoza. Kona ya mwisho ikaja, ile ile iliyozoea kumkwamisha. Sikio hakuitazama, aliinama nyuma ya meza, macho kafumba, akitafuta vuuu moja ndani ya kelele zote zile. Ilikuwepo. Haikutetemeka.

Paa lilitaka kung'oka. Jekundu lilikuwa nyuma, na shangazi alikuwa amebebwa juujuu, kiatu kimoja chini, akiwauliza vijana nani ahame sasa.

Sikio alibaki mezani. Aliweka kiganja mgongoni mwa mashine, kama mtu anayempima mtoto homa. Ilikuwa ya moto.

"Pole na kazi," akainong'oneza.