Kishikio cha Sita

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa mke mpya Kimamba, na kisomo cha jioni kilikuwa kimenipa mambo mawili: kusoma, na kushona vishikio vya sufuria. Nilishona kama nimeagizwa na serikali nzima. Fundi cherehani jirani yangu alinipa mabaki ya vitenge. Nikaunga vipande, katikati nikatia blanketi kuukuu, nikapitisha mishono ya kukingama lisihamehame. Nikampelekea mama mkwe wangu vishikio sita, kwake Magomeni, Kilosa mjini.

"Kumbe mwanangu hakuoa mdomo tu!" akasema.

Juma lililofuata nilikuwa napiga pasi ya mkaa. Kipande cha shimizi yangu ya nailoni iliyochanika kikagusa chuma: kikajikunja, kikayeyuka, kikang'ang'ania pasi kama gundi. Nikacheka. Halafu kicheko kikakatika. Blanketi lilikuwa limeniishia kwenye kishikio cha sita, na nilichoshindilia ndani ni shimizi hiyohiyo. Kwa nje vyote vilifanana.

Akilini nikaona kiganja cha mama mkwe kimebabuka. Nilitoka Kimamba kwa miguu. Nadhani hata treni ya mizigo ilinipisha. Njiani nikawa natunga uongo. Niseme nataka kuviongezea nakshi? Niseme mwalimu wa kisomo anavikagua?

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona unahema hivyo, kuna msiba?"

"Hapana mama. Nimekuja... kuviazima vile vishikio."

"Zawadi imeota miguu, inarudi kwao?"

Jirani yake, aliyekuwa akichambua mchele, akadakia, "Labda kapata mkwe mwingine!"

Mama mkwe alikwisha kuinama mafigani kuipua maharage, kila mkono una kishikio. Nikamnyang'anya vyote viwili, mimi, mke wa mwanawe, nikaipua sufuria mwenyewe. Mkono wa kulia, salama. Wa kushoto ukaanza kunuka kama pasi yangu. Kutoka mafigani hadi mahali pa kuitua zilikuwa hatua tatu. Mimi nilitembea mia tatu. Nikaitua bila kumwaga hata punje, ndipo nikapiga yowe lililosikika hadi kijiji cha Tindiga.

Aliponitumbukiza mkono kwenye maji nikamweleza yote, shimizi bila kuificha. Jirani akacheka mpaka ungo ukampindukia. Mama mkwe hakucheka. Alichukua wembe, akapasua na vile vingine vitano, kimoja kimoja, akichungulia ndani na kunusa. Blanketi. Blanketi. Mimi nasikiliza kama ninasomewa hukumu. Vyote blanketi.

"Si ungesema tu ulipofika?"

"Niliogopa, mama."

Akaingia ndani. Nikajua anakwenda kumwita baba mkwe, ndoa imekwisha. Akarudi na blanketi lake la kitandani, zima kabisa, akakata pembe yake, akanirushia mapajani pamoja na sindano.

"Mkono wa kulia si mzima? Shona."