Mshale wa Ndizi

Likizo ile mjomba, mdogo wake mama, alikuja kwetu Kibosho na makaratasi ya utafiti wake wa chuo kikuu. Alitaka kujua kwa nini watoto wa nyumba nyingine wanamaliza sekondari na wengine wanaishia njiani. Mimi nilikuwa kidato cha tatu. Mama alikuwa kitandani, kifua kimembana tangu masika, na nilikuwa na swali moja nisilothubutu kumwuliza baba: shule ikifunguliwa, nitarudi?

"Njoo, wewe bubu," mjomba akaniita, akanipa kalkuleta na kunionyesha mchoro aliouchora kwenye karatasi.

Visanduku vilikuwa vitu vya kuhesabika: mibuni, ng'ombe, mabati. Duara lilikuwa kitu kisichoonekana, uwezo wa nyumba, unaokisiwa kutokana na visanduku. Kati ya visanduku, duara na kumaliza shule ilipita mishale, kila mmoja na namba ya nguvu yake.

"Ukifuata njia moja, zidisha namba za mishale yake. Njia zikiwa nyingi, jumlisha. Halafu linganisha na tulichokiona kwa watu wenyewe."

Njia ya kahawa, kutoka mibuni hadi kumaliza shule, ilitoa sifuri nukta mbili. Kwa watu wenyewe ilikuwa sifuri nukta sita.

"Haikai," akasema. "Kuna mshale tumeusahau."

Niliujua. Alikuwa amewahoji akina baba peke yao, nao walimtajia kahawa, kwa sababu kahawa ni ya mwanamume. Ndizi ni za mama, na hela zake ndizo hulipa shule.

"Ndizi, mjomba."

Tukazunguka kuwauliza akina mama. Tuliporudi tukaongeza mshale, tukakisia namba yake, tukaisogeza kidogo kidogo, kila mara tukizidisha na kujumlisha upya, mpaka pengo likaisha. Mjomba akapiga paja kwa furaha. Mimi nikauliza:

"Mshale mmoja ukiwa sifuri?"

"Njia nzima ni sifuri. Hata mingine iwe mikubwa vipi."

Chumbani mama akakohoa.

Jioni mjomba alimwomba baba apeleke ndizi sokoni. Baba akacheka, cheko baya.

"Shemeji, nijitwike mkungu wanawake wanizomee? Hayo maduara yako yanakamuliwa maziwa?"

Mjomba akaondoka na makaratasi yake. Ndizi zikaivia mgombani, ndege wakazila. Baba aliziona kila asubuhi akienda kwenye mibuni yake.

Siku ya kufungua shule sikuvaa sketi ya shule. Nilijifunga kanga, nikajitwika mkungu mmoja uliosalimika.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia muuza ndizi mmoja sokoni.

"Marahaba. Mama yako je?"

"Hawezi kuinuka."

Akanitazama, kisha akavuta gunia lake pembeni, akanionyesha mahali mama alipokuwa akikaa.