Mguu Wangu wa Kulia na Pedali za Zamani

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa fimbo za kupigia dramu, nilipewa sanduku. Kiongozi wa Bendi, mwanamume mrefu aliyekuwa akichechemea mguu wa kulia, alilisukuma kwa kiatu mpaka mbele yangu. Akasema ndani yake mna pedali za zamani, nichague moja iwe yangu. Nikichagua vizuri nitaanza kazi jioni ileile, nikichagua vibaya basi la kurudi kwetu bado halijaondoka. Wanamuziki wakaacha kukaza nyuzi za magitaa wakanitumbulia macho. Mle ukumbini mwanamke nilikuwa peke yangu.

Kwa vijana wasioijua, pedali ni kile chombo cha chuma kinachokaa mbele ya ngoma kubwa ya besi. Unakanyaga kibao, mkanda unavuta ekseli, ekseli inarusha kirungu, kirungu kinagonga ngoma, halafu springi inakirudisha. Basi, ndiyo hivyo tu. Lakini bendi nzima ya dansi inatembea juu ya kirungu hicho, na kikikosea, watu wanarudi kwenye viti vyao mmoja mmoja.

Ngoma sikuwa mgeni nazo. Kwetu Ugogo ngoma ya muheme hupigwa na wanawake, unaibana katikati ya mapaja na kuicharaza kwa viganja, na mama yangu alikuwa akiitwa hadi vijiji vya mbali kwa ajili ya mikono yake. Kupiga ngoma kwa mguu ndiko nilikokuwa bado najifunza. Kwa hiyo nilifanya kile nilichomwona mama akifanya anapochagua ngoma, nikavua viatu, nikafumba macho, nikaanza kuzionja zile pedali moja baada ya nyingine kwa mguu mtupu.

Ya kwanza iling'aa kama sufuria ya harusi, lakini springi yake ilikuwa imechoka, kirungu kinarudi kwa kujivuta. Nyingine ilikuwa ikilia kila ninapoikanyaga. Kisha nikafika kwenye moja nzito, yenye mkanda wa ngozi laini uliotunzwa kwa mafuta. Hiyo ilinikaa mguuni kuliko zote, ila kila nikikanyaga ilinivuta kwa nje. Nikaigeuza, nikaona tundu la ekseli limelika upande mmoja.

"Hii ni nzuri," nikasema, "ila mwenyewe alikuwa anakanyaga upande. Mimi itaniumiza goti."

Mpiga tarumbeta akajitia kufuta tarumbeta ambayo ilikuwa safi tayari. Nikaiweka ile pedali kando na kuchukua nyingine, yenye sura mbaya, rangi imebanduka, lakini imenyooka na haina kelele. Ndipo Kiongozi alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza.

"Mwandikeni huyu," akasema. "Aanze leo."

Jioni mpiga tarumbeta akaninong'oneza kwamba pedali ile nzito ilikuwa ya Kiongozi mwenyewe. Aliipiga miaka mingi mpaka mguu ukakataa, na kila alipotafuta mpiga dramu mpya aliitia sandukuni bila kusema kitu, akitumaini kuna atakayeipenda. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamfuata mbio kumwomba radhi.

"Radhi ya nini, binti?" akaniuliza. "Ungesema ni nzuri ili unifurahishe, saa hizi ungekuwa kwenye basi."

Yule bwana nilimpenda tangu siku ile, na mapenzi hayo hayajapungua. Ndiye aliyenifundisha kuichunguza pedali ya zamani kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani. Alinionyesha kuitikisa ekseli karibu na sikio, maana ikigongagonga beringi zimekwisha. Alinifundisha pia kukwangua rangi kwa ukucha kwenye viungo, kwa sababu chuma cha kumimina kikishapasuka na kuchomelewa hakina maisha, na wauzaji wanajua kuficha. Springi aliitaka ijaribiwe polepole, unakibonyeza kibao na kukiachia, kirungu kiyumbe kidogo kisha kitulie. Jina la kiwanda lililochongwa kwenye kibao alilifunika kwa kidole gumba mpaka umalize kukagua.

Bendi yetu ilikuwa ya shirika la umma, na tulisafirishwa kwenda kokote walikoko wafanyakazi wa shirika. Kondoa ndiko nilikojifunza habari ya mikanda. Hewa yetu kavu ya huku bara inakausha ngozi mpaka inavunjika, na mkanda wangu ulikatika katikati ya wimbo, watu wamesimama wanacheza. Nilimalizia wimbo kwa kupiga ngoma ya besi kwa mkono, nimeinama kama mtu anayepalilia. Asubuhi fundi viatu mmoja wa pale mjini akanikatia mkanda mpya wa ngozi ya ng'ombe, akausugua kwa mafuta ya mkia wa kondoo. Alikuwa hajawahi kuiona pedali maishani mwake, lakini aliishika kwa heshima kubwa, akaniagiza niupake mafuta hayo kila vumbi linapoanza kutimka. Nimebadili springi na virungu mara nyingi, mkanda ule bado upo.

Baadaye nilihamishiwa Singida, chini ya Meneja wa Ukumbi aliyekuwa na masikio ya ajabu. Akiwa kaunta, katikati ya kelele za chupa na watu, aliweza kusikia pedali inayotaka mafuta. Alikuwa akinijia kwa adabu zote na kuniinamia sikioni. "Mama, pedali yako ina njaa." Yeye ndiye aliyenunua pedali mpya ya cheni, nami nikaipiga miezi kadhaa. Sina ubaya nayo. Cheni ni imara, ila vumbi linanasa kwenye grisi, na mguu wangu ulikuwa umeshazoea ulaini wa ngozi. Meneja aliponiona nimeirudisha ile yenye sura mbaya, alinitafutia mafuta ya cherehani bila kuniuliza swali.

Nilistaafu goti langu lilipogoma kupanda ngazi za jukwaa. Kiongozi alikuwa ametangulia mbele ya haki. Pedali nikaja nayo nyumbani, Chang'ombe ya huku kwetu Ugogo, nikaifunga kwenye khanga, nikawa naifungua kuipaka mafuta. Wanangu hawana habari na dramu. Nilibaki na ombi moja tu, pedali ile ipate mguu mwingine kabla sijaondoka mimi.

Mwaka jana akaja Nyemo, binti anayepiga dramu kwenye kanisa moja la Ipagala. Wanakwaya wenzake walikuwa wamemkusanyia pedali za zamani kutoka huku na huku, akataka nimsaidie kuchagua. Nikamwambia azipange mkekani, nami nikaingia chumbani, nikatoka na ya kwangu, nikaiweka katikati ya zile nyingine. Sikusema kitu.

Alivua viatu bila kuambiwa. Alipofika kwenye ya kwangu akafumba macho, akatabasamu, akarudia. Akarudia tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti na nimeshaanza kumshukuru Mungu. Kisha akaigeuza, akapitisha kidole kwenye ekseli.

"Hii tamu, bibi," akasema. "Ila imeshalika. Mwenye hii alikuwa anaegemea kushoto."

Miaka yote ile sikujua kwamba naegemea kushoto. Nilitazama goti langu, lile linalouma. Nyemo akaiweka pedali yangu kando, taratibu, akachukua nyingine ya kijivu, akaitikisa karibu na sikio na kuijaribu springi, na haikuwa na kasoro.

Nilikuwa nikidhani Kiongozi alicheka siku ile kwa sababu jambo lenyewe lilichekesha. Maneno ya Nyemo yaliniuma, wala sitaficha. Nikatafuta kitu cha kushika, nikapata mkono wa kiti, nikacheka.

"Chukua hiyo ya kijivu," nikamwambia. "Ndiyo yako."

Akauliza ile yenye mkanda laini ni ya nani. Nilipomwambia ni yangu akaziba mdomo kwa viganja, akaanza kuomba radhi.

"Radhi ya nini, mjukuu wangu? Ungesema ni nzuri ili unifurahishe, ningekufukuza."

Jumapili nikaenda Ipagala kumsikiliza, nikakaa benchi la nyuma. Mguu wake ulikuwa umenyooka, na besi yake ilitembea hata wazee wakasimama. Mguu wangu nao ulikuwa chini ya benchi unakanyaga sakafu, sambamba naye, umeegemea kushoto.